Treni ya Masakta Yenye Indiketa

Bernadina wa Masakta aliandika FUNDI WA TRENI kwenye kibao cha duka lake kabla hajaona treni kwa macho. Mpaka leo hajaiona. Kutoka Masakta mpaka ilipo reli ni kupanda basi, kulala njiani, kupanda jingine, na Bernadina hana shughuli huko. Treni aliyoijua ni ile ya kwenye kitabu cha darasa la nne, na picha yenyewe ilikuwa imechanika upande wa kichwa, kwa hiyo alichokuwa na uhakika nacho ni mabehewa.

Habari hii huisimulia mwenyewe, tena bila kuombwa, na huanzia hapo kwenye picha iliyochanika. Anasema mtu akijicheka mapema, wengine wanakosa kazi.

Duka lenyewe lilikuwa fremu moja katika fremu tatu za Mzee Basili Sulle, baba mkwe wake, pale barabarani yanaposimama mabasi ya Basotu. Aliyeanza kutengeneza redio humo ni mume wake, Herman. Bernadina alikuwa anakaa pembeni akichambua maharage na kumshikia Herman tochi, na katika kushika tochi akajua waya mwekundu unakwenda wapi na mweusi unakwenda wapi. Herman alipofariki, watu walidhani Mama Tito, ndivyo wanavyomwita, atauza vyombo vya marehemu afungue genge la nyanya. Yeye akavuta kiti, akakaa upande wa Herman. Redio ya kwanza aliyoifungua peke yake aliifunga zikabaki skrubu nne mezani, na redio ikaongea. Tangu siku hiyo akaamini kwamba skrubu nyingine kiwanda huziweka kwa ajili ya urembo tu.

Ilikuwa ile miaka mkoa wa Manyara bado mchanga, watu wakiandika anwani wanaandika Arusha kwa mazoea. Vitu vya Kichina vilikuwa vimejaa minadani: simu za laini mbili zenye spika ya kushinda ya kanisani, redio za kucheza memori kadi, tochi zenye vitaa vingi kama macho ya nzi. Vinakuja vingi, vinakufa upesi, na vinapofia ndipo Bernadina anapolia chakula.

Shida ilikuwa shemeji yake, Modest, mdogo wa Herman. Modest aliitaka fremu ile aweke duka la pembejeo. Wala hakusema vibaya. Modest hasemi vibaya, huo ndio ubaya wake; anasema taratibu mbele ya baba yake kwamba shemeji anachoka, kwamba ufundi ni kazi ya wanaume, kwamba mwanamke kushinda barabarani na bisibisi si sura nzuri kwa familia ya kanisani. Bernadina naye ana mdomo wa kusaga na kukoboa. Akajibu kwamba ni kweli amechoka, amechoka kumtengenezea Modest redio yake bure. Jibu hilo likafika kwa mzee kabla ya chakula cha jioni, limeongezwa chumvi, na mzee akabaki njia panda. Fremu ni yake, mtoto ni wake, na mkwe naye ameachiwa na mtoto wake mwingine. Akawa anaangalia pembeni.

Mzee Sulle alikuwa mtu wa reli. Ujana wake wote ulikwenda kule njia ya kati, kwenye stesheni ndogo ng'ambo ya Manyoni, akipunga bendera na kugeuza njia za treni. Mashirika ya umma yalipoanza kupunguza watu, naye akapunguzwa, akarudi Masakta na mke wake, Bibi Perpetua, na sanduku moja la mbao. Ndani ya sanduku mlikuwa na treni ndogo aliyoachiwa na mhandisi mmoja Mzungu ambaye mkataba wake ulikwisha wakati huohuo. Kichwa cha kijani cha urefu wa mkono wa mtoto, mabehewa matatu, na vipande vya reli ambavyo ukiviunga vinakuwa duara la kujaa meza. Mzee akaipandisha juu ya kabati la vyombo, Bibi Perpetua akaifunika kitambaa cha kufuma, na ikakaa huko.

Treni ilinyamaza. Mzee hakunyamaza.

Ukimpa uji, atakuambia uji wa stesheni ulivyokuwa. Mvua ikinyesha, atakueleza tuta la reli lilivyobebwa na maji, na nani alikuwa zamu, na huyo aliyekuwa zamu alikuwa ameoa wapi. Wajukuu walikuwa na njia zao. Mmoja anakohoa, mwingine anakumbuka mbuzi hawajafungwa, anatoka mbio. Watu wazima hawawezi kukumbuka mbuzi kila siku, kwa hiyo walikaa. Bernadina ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Alijifunza kusema "ee, baba" kila mzee anapovuta pumzi, bila kusikia hata neno moja, huku kichwani anapanga mambo yake ya kesho. Mzee alimpenda kwa hilo. Aliwaambia watu kwamba katika nyumba yake anayesikiliza ni mkwe wake.

Basi ikakaribia jubilei ya ndoa, miaka hamsini ya Mzee Sulle na Bibi Perpetua. Familia ikaitwa kupanga. Mambo ya pilau na turubai yalipokwisha, mzee akasema ana ombi lake. Anataka siku hiyo treni ishuke kabatini, iende mbele ya watu, iwake taa, ilie. Miaka yote anaongea treni na watu wanamtazama kama anasimulia ndoto. Modest akasema, taratibu, kwamba angeweza kutafuta fundi wa maana kutoka Babati.

"Fundi si yupo," mzee akasema. "Au hayupo? Wewe unasema Mama Tito si fundi. Mama Tito anasema ni fundi. Mimi redio sizijui, siwezi kuamua. Treni naijua. Akiifanya iende, iwake, na ilie kama treni, fremu ni yake, na sitaki kusikia tena neno lolote. Isipolia kama treni, ingiza mbolea yako."

Mtu mwenye akili angesema, baba, nipe muda nifikirie. Bernadina alisema, "Baba, italia mpaka ng'ombe wa Basotu wageuke." Asubuhi yake akachukua rangi akaongeza kwenye kibao. Kilikuwa kimeandikwa FUNDI REDIO, SIMU, PASI. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa kuliko zote.

Kuifanya iende haikuwa kazi. Aliifungua, akatoa vumbi la Manyoni na mende mmoja wa Masakta, akatia mafuta ya cherehani, akaunga nyaya mbili kwenye reli na ncha zake za pili kwenye mawe ya redio aliyoyapanga mstari ndani ya kipande cha mwanzi. Ukiweka mawe mengi inakimbia, ukipunguza inatembea. Alipoiona inazunguka mara ya kwanza alikaa chini. Halafu akatazama kama kuna mtu amemwona amekaa chini.

Taa zilimsumbua kidogo. Aling'oa vitaa vya tochi, akalehemu cha kwanza moja kwa moja bila rizista ya kupunguza moto, na kikawaka mara moja kwa nguvu, kikazimika na kutoa harufu ya ukucha ulioungua. Kumbe ukucha wake nao ulikuwa umeungua, ule wa dole gumba. Cha pili kikakaa. Mbele ikawa na taa nyeupe, kwenye mabehewa vitaa vidogo vya ndani kama watu wanasoma magazeti, nyuma taa nyekundu za breki.

Halafu akaitazama, akaona kuna kitu kimepungua.

Magari yote aliyoyajua Bernadina, mabasi, malori ya ngano, trekta, hata pikipiki za vijana, yalikuwa na indiketa. Gari lisilo na indiketa trafiki analikamata. Sasa treni, kitu kikubwa hivyo, kitageukaje bila kutoa ishara? Pengine zilidondoka kwenye sanduku. Akachukua vitaa vya Krismasi vya rangi ya chungwa, vile vya kupepesa, akavibandika kwa gundi kwenye kona zote nne. Vikawa vinapepesa kushoto na kulia kwa pamoja. Akaona vimependeza. Na vilipendeza, hilo hata leo halikanushi.

Ikabaki sauti.

Hapo Bernadina akawa kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni pake. Nyumbani kulikuwa na mtu aliyelala na kuamka na treni ujana wake wote, mtu ambaye kwa neno moja tu angemwambia treni inaliaje. Lakini kumuuliza Mzee Sulle habari za treni ni kukaa jioni na kuinuka na umande wa asubuhi. Tena alitaka kumshtua. Tena, na hili ndilo lenye uzito, miaka yote hiyo amekuwa akisema "ee, baba", sasa aende aulize kitu alichokwisha kuambiwa mara mia? Babati kulikuwa na duka la intaneti, kijana wa pale angemtafutia sauti. Lakini angelazimika kumwambia kijana kwamba fundi wa treni hajui treni inaliaje.

Kwa hiyo akatumia akili. Treni ina injini kubwa. Injini kubwa Masakta ni ya mashine ya kusaga ya Ignasi.

Mashine ya Ignasi inajulikana. Inakohoa kwanza, halafu inashika, na ikishashika hakuna kinachosikika. Ndiyo maana wanawake wa Masakta siri zao wanazipeleka huko. Mahali pengine siri inanong'onwa. Mashineni inapigiwa kelele, mdomo kwenye sikio la mwenzako, na mtu aliyesimama hatua mbili pembeni hapati hata herufi. Ndoa nyingi za kata ile zimejadiliwa kwa sauti ya juu kabisa kati ya debe na debe, na hazijatoka nje.

Bernadina akaenda na simu yake ya Kichina. Alikuwa amekwisha kurekodi honi ya basi la Arusha asubuhi. Akabonyeza kurekodi, akaiweka simu dirishani, usawa wa bega lake, akasimama akisubiri injini iseme vya kutosha. Akatokea Konsolata, rafiki yake, na debe la mahindi kichwani. Wakaanza maongezi kama kawaida, mdomo kwa sikio, mpaka zamu ya Konsolata ikafika. Simu ikabaki dirishani, karibu na midomo yao kuliko ilivyokuwa karibu na injini. Bernadina alikuja kuikumbuka unga ukiwa umeshaingia debe.

Akarudi dukani, akatia sauti zote mbili kwenye memori kadi, honi kwanza, mashine baadaye. Akang'oa matumbo ya redio ndogo pamoja na betri ya simu, akayasokomeza kwenye behewa la pili, spika ikiangalia chini, swichi tumboni. Akajaribu. Honi ikalia, injini ikakohoa, ikashika. Akazima. Mboga huonjwa kijiko kimoja, alijiambia, huonji sufuria zima.

Siku ya jubilei misa ilikwisha, watu wakahamia chini ya turubai nyumbani kwa mzee. Ndugu walitoka Mbulu na Masieda, wafugaji wa Basotu walikuja na mashuka yao, na katekista ndiye aliyeshika kipaza sauti. Mzee Sulle alikuwa ndani ya suti, Bibi Perpetua na taji la maua ya plastiki. Katikati ikawekwa meza, reli zikaungwa, na Bernadina akatoka na treni juu ya sinia iliyofunikwa kitambaa kilekile cha kufuma. Modest alikuwa amekaa safu ya mbele, amekunja miguu vizuri.

Ikaenda. Taa zikawaka. Watu wakapiga makofi, wengine wakasimama juu ya viti. Bernadina anasema kama angekufa dakika ile angekufa na sifa.

Mzee akainama, akasogeza miwani. "Mama Tito, hizi za kupepesa ni za nini?"

"Indiketa, baba."

Mzee akaifuata treni kwa macho, mzunguko mmoja mzima. "Inakata kona kwenda wapi?"

Bernadina akatazama reli. Reli ikamtazama. Ndipo akaona kitu ambacho alikuwa amekaa nacho mezani siku zote zile, kwamba treni haina pa kukata. Lakini watu wakamwokoa. Wakaanza kumbishia mzee, na katika wabishi hao hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona treni. Sasa wengine nyuma watajuaje? Na ikikutana na ng'ombe? Mfugaji mmoja wa Basotu akasema hata fahali hugeuza kichwa kabla hajageuza mwili. Mzee akaeleza kwamba njia inageuzwa na mtu wa stesheni, kwamba ndiyo iliyokuwa kazi yake. Wakamwambia kwa heshima kwamba huenda zamani, lakini za siku hizi zina indiketa, kama hii hapa. Mzee akakaa. Modest akatabasamu kidogo, akalamba midomo.

"Na sauti je?" mzee akauliza.

Bernadina akabonyeza swichi tumboni mwa behewa, akairudisha kwenye reli. Honi ikalia. Ilikuwa honi ya basi la Arusha, ileile, na mkia wake wa kuvutavuta, na ndugu wawili wa Mbulu wakanyakua mabegi na kukimbilia barabarani. Walirudi wakijifuta vumbi. Halafu injini ikakohoa, ikashika.

"Hiyo si mashine yangu?" Ignasi akasema kule nyuma, kwa furaha. Akawaeleza majirani zake kwamba anaijua kwa kikohozi.

Vicheko vikaanza. Bernadina akanyoosha mkono azime, lakini mzee akainua kidole. "Iache iende." Alikuwa ameinamisha sikio. Chini ya mashine kulikuwa na mtu anaongea.

Ilikuwa sauti ya Konsolata, safi, ikiuliza treni ya mzee imefika wapi. Na ikafuata sauti ambayo Masakta hakuna anayehitaji kuambiwa ni ya nani.

"Treni haijanishinda. Kinachonishinda ni mwenye treni. Huyu baba mkwe akianza habari za Manyoni, uji unapoa, watoto wanaota ndevu, na yeye hajafika hata stesheni ya pili. Hiyo treni nikiimaliza nampandisha mwenyewe humo ndani, nampungia mkono."

Kikafuata kicheko. Bernadina anacheka kama punda aliyefunguliwa kamba, hilo analijua, ila hakuwahi kulisikia kwa nje. Treni ikazunguka na kicheko chake, indiketa zikipepesa kushoto na kulia.

Akaidaka. Swichi ilikuwa tumboni, akaipapasa, akaikosa. Akalikumbatia behewa kwapani. Likaendelea kuongea kwapani. Akalifunga ndani ya kitenge, na kutoka ndani ya kitenge, mbele ya katekista, sauti yake ikasema kwamba yeye "ee, baba" zake anazigawa kama muwa, kila akipumua anamkatia kipande. Konsolata alikuwa ameshafika kwenye masufuria, amegeuka mpishi. Modest alikuwa anatazama mikono yake kwa upole, kama mtu anayepima mifuko ya mbolea itakaa upande gani wa ukuta.

Turubai zima likamgeukia. Bernadina aliiona fremu inaondoka: meza ya Herman, kiti cha Herman, kibao na rangi yake mpya. Hakuna mtu wa kumlaumu. Kama angenyang'anywa na Modest, angepiga kelele. Lakini alikuwa amejinyang'anya mwenyewe, kwa mdomo wake, na betri aliichaji mwenyewe.

Wa kwanza kushindwa kujizuia ni Bibi Perpetua. Alianza mabegani. Mabega yakatikisika, halafu taji likaenda upande, halafu bibi wa watu akaegemea meza akacheka hadi machozi, miaka hamsini ya uji uliopoa ikitoka yote kwa pamoja. Watu waliona aibu kwanza, kisha wakamfuata. Mzee peke yake hakucheka.

"Toa hicho kitu kwapani," akamwambia Bernadina. Akakitoa. Kikazimika chenyewe, kwa hiari yake, sasa ambapo hakuna faida.

"Baba, nisamehe," Bernadina akasema.

"Hayo maneno nayajua siku nyingi," mzee akasema. "Naona watoto wanavyokumbuka mbuzi. Mbuzi wenyewe nimeshauza. Lakini, Mama Tito, wewe umekwenda kusimama mashineni na simu. Mimi niko hapa. Miaka yote watu wananisikiliza kama wanavyosikiliza mvua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, mzee, treni inaliaje?"

Ilikuwa kweli. Bernadina akaliweka behewa mezani.

"Basi nauliza sasa," akasema. "Inaliaje, baba?"

Mzee akarekebisha koti la suti. Akaweka viganja viwili mdomoni, akafumba macho, akalia. Haikuwa kama honi ya basi. Ilikuwa ndefu, nzito, ya mbali, ikapanda kidogo, ikakatika, ikarudi tena fupi, kama kitu kinachokuita ukiwa umelala nyumba ya kando ya reli na unajua hakiji kukuchukua. Halafu akaanza magurudumu kwa ulimi, tata-ta, tata-ta, pale reli zinapoungana. Na Bibi Perpetua, aliyekuwa bado anajifuta machozi, akaingia naye kwa vifundo vya vidole juu ya meza, tata-ta, tata-ta, bila kumtazama, kwa maana alikuwa amelala nyumba hiyohiyo. Wakaenda pamoja mpaka treni ikapita stesheni na kupotelea mbali. Wafugaji wa Basotu walikuwa wamesimama.

Bernadina akajikuta ameshika simu na amebonyeza kurekodi. Mkono ulifanya wenyewe. Mkono wake una akili, anasema, ni mdomo uliokosa shule.

Modest akasubiri makofi yaishe, akasogea. "Baba," akasema taratibu, "ulisema isipolia kama treni."

"Nilisema. Haijalia kama treni."

"Kwa hiyo nitaleta mafundi wa mashelfu?"

"Haijalia bado," mzee akasema. "Kazi haijakwisha, nitaamuaje? Kesho nakwenda fremuni nimwelekeze mwenyewe."

"Kwa siku ngapi, baba?"

"Mpaka nitakapomaliza."

Watu wakatazamana. Walimjua mzee. Wengine wakamtazama Bernadina kwa huruma ambayo hawakuwa nayo dakika chache nyuma.

Kesho yake akaja, na kofia yake ya reli, na kiti chake, akakiweka mlangoni. Bernadina akatia sauti ile ya jubilei kwenye behewa. Mzee akasikiliza, akasema hiyo ni treni ya abiria, na hiki kichwa ni cha mizigo, kina mlio wake. Wakarekodi ya mizigo. Akasema imetoka kama iko tambarare, inatakiwa ya mlimani. Wakarekodi ya mlimani. Ikaja ya usiku wa mvua, ikaja ya daraja. Bibi Perpetua alikuwa anakuja na chupa ya chai, anapiga vifundo vyake mezani, anaondoka. Wateja wakiingia mzee aliwapokea yeye, akawauliza simu inaumwa nini, na kabla hawajajibu walikuwa wako Manyoni.

Modest alikuja siku moja kupima ukuta. Mzee akamwambia akae kidogo. Akakaa. Akasimuliwa tuta lililobebwa na maji, lote, pamoja na ndoa ya aliyekuwa zamu. Alipotoka jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa barabara. Akauliza, kwa sauti yake ileile, kama baba ana mpango wa kushinda pale kila siku hata kukiwa na duka la pembejeo. Mzee akasema atahamia wapi, na fremu ni yake. Mwezi haukwisha, Modest akapata fremu Basotu. Aliwaambia watu kwamba ile ya Masakta ina unyevu, mbolea ingeganda.

Ndipo mzee akatangaza kwamba treni sasa inalia kama treni, na fremu ni ya Mama Tito. Bernadina akamshukuru, shikamoo na magoti, akamwambia sasa apumzike nyumbani. Mzee akasema hajachoka.

Kwa hiyo fremu alibaki nayo, na mzee akabaki naye. "Ee, baba" zimekwisha, maana sasa mzee anasimama katikati ya habari na kumuuliza alikuwa anasema nini. Siku nyingine Bernadina mwenyewe humuuliza kitu, swali moja tu, dogo, kwa sababu anataka kujua, halafu anajilaumu mpaka saa ya chakula. Watu wa Masakta wamejifunza kuleta simu, kuiweka mezani na kukumbuka mbuzi.

Indiketa aliamriwa azitoe. Akatoa tatu. Ya nne, ya nyuma kushoto, gundi imekataa, na mzee anasema iachwe kwa ajili ya wageni wa Basotu, wataleta ubishi. Na kibao alitaka kifutwe kabisa, kwamba mtu asiyejua treni inaliaje hawezi kuandika vile. Bernadina akamwambia rangi hiyo hapo, baba, futa. Mzee hakufuta. Alipanda juu ya kiti, akaandika kwa mwandiko wa stesheni, herufi zilizosimama wima kama watu wa zamu, maneno mawili juu ya yale ya Bernadina. Sasa kinasomeka MSAIDIZI WA FUNDI WA TRENI, na wageni wakiuliza fundi mwenyewe yuko wapi, Bernadina anawaonyesha kiti cha mlangoni, anaongeza kwamba wamuulize haraka kama wana basi la kuwahi.